Tutenganishe Miili, Tusitenganishe Jamii: Funzo kutoka Kiwanjani, Isiolo

Chambilecho wahenga, fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii tuliifunza tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha na kuifafanua katika mitihani, lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kuipima kwa mizani ya maisha. Mwaka wa 2020 uliipima. Tarehe 13 Machi mwaka huo, Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kabla ya mwezi kwisha, shule zilikuwa zimefungwa, misikiti na makanisa yamefungwa, na kuanzia tarehe 27 Machi raia wa kawaida hakuruhusiwa kuwa nje kati ya saa moja usiku na saa kumi na moja alfajiri. Nyoka alikuwa amekwisha kuingia nyumbani. Fimbo ya serikali ilikuwa Nairobi. Fimbo ya jirani ilikuwa mlangoni.

Makala haya yana dai moja. Katika mitaa ya watu wa kipato kidogo, jamii haikuwa hatari ya kuepukwa bali ilikuwa kinga ya kwanza ya njaa na upweke. Lugha iliyowahimiza watu wadumishe “umbali wa kijamii” iliwaelekeza kinyume na kile kilichowaweka hai. Kosa hilo lilikuwa la kilugha kabla ya kuwa la kitabibu, na ndiyo maana linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Nitatoa mfano wangu kutoka Kiwanjani, mtaa wa mji wa Isiolo.

Mtaa na mji wake

Kiwanjani ni mtaa unaopakana na uwanja wa ndege wa Isiolo, na jina lake linaukumbusha ujirani huo. Mji wenyewe ni lango la kaskazini mwa Kenya: barabara itokayo Nairobi na Meru hupita hapo ikielekea Marsabit na Moyale. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima. Idadi hiyo si kubwa, lakini lugha zake ni nyingi. Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kiturkana na Kisamburu husikika katika soko moja, na lugha inayowakutanisha wenyeji wake ni Kiswahili. Kwa mkazi wa Isiolo, Kiswahili si somo la darasani tu. Ni daraja la kuvukia kwenda kwa jirani.

Uchumi wa mji huo husimama juu ya mifugo, biashara ndogondogo, usafiri na vibarua. Mathalani, wanawake wa Isiolo wamejenga biashara kubwa ya maziwa ya ngamia ambayo yamezoea kusafiri kwa mabasi ya abiria hadi Eastleigh, Nairobi. Sasa tazama yaliyotokea. Tarehe 6 Aprili 2020 abiria walipigwa marufuku kuingia Nairobi na kutoka. Tarehe 6 Mei mtaa wa Eastleigh wenyewe ukafungwa. Masoko mengi ya mifugo ya kaskazini yalikuwa nayo yamefungwa. Mchungaji alikuwa na mbuzi asiyeweza kumuuza, mama muuza maziwa alikuwa na mtungi usio na basi, na mwanabodaboda alikuwa na pikipiki isiyo na abiria.

Fauka ya hayo, korona haikuwakuta watu hao wakiwa wamekaa kwa raha. Nzige wa jangwani walikuwa wameingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, uvamizi ambao haukuwa umeshuhudiwa nchini kwa takriban miaka 70, na Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizovamiwa. Kisha, tangu mwishoni mwa mwaka wa 2020, mvua zikakosekana kwa misimu mitano mfululizo. Kwa hiyo tunapouliza jinsi mtaa ulivyowasaidia wakazi wake wakati wa janga, tunauliza jinsi watu waliokwisha kuelemewa walivyobebana.

Nguzo za ujirani

Nguzo ya kwanza ni daftari la duka. Kila anayeifahamu mitaa yetu anajua kwamba duka la karibu huuza kwa kuandika. Mwenye duka huandika unga, sukari, majani ya chai na mafuta ya kupikia. Mteja hulipa apatapo. Hakuna riba, hakuna fomu, hakuna mdhamini ila uso wa mtu na jina la nyumba yake. Vibarua vilipokatika, madaftari hayo yalirefuka. Mwenye duka aliyekubali kufungua ukurasa mwingine alikuwa akitoa msaada wa chakula, ingawa msaada wake hauingii katika taarifa ya wizara yoyote wala haupigwi picha.

Nguzo ya pili ni vyama vya akina mama. Wanachama huchanga kiasi kidogo kila wiki au kila mwezi na kumpa mmoja wao kwa zamu. Wasomali huuita mpango huu ayuuto au hagbad. Faida ya chama si pesa peke yake. Chama humjua kila mwanachama, hivyo zamu huweza kubadilishwa aliye na mgonjwa akatangulizwa. Hapa simu ya mkononi ilisaidia. Tangu katikati ya Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka huo, kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakukutozwa ada. Msomaji na aizingatie hatua hiyo. Haikuwa zawadi ya serikali wala ya kampuni kwa mtu mmojammoja. Ilikuwa kuondoa kijiti njiani ili mkono wa ndugu uufikie mkono wa ndugu. Ni miongoni mwa hatua chache za wakati ule zilizofuata njia ambayo watu walikuwa wakiipita tayari.

Nguzo ya tatu ni dini. Mfungo wa Ramadhani wa mwaka wa 2020 ulianza mwishoni mwa Aprili, misikiti ikiwa imefungwa na kafyu ikianza saa moja usiku, muda mfupi tu baada ya adhana ya magharibi. Futari ya pamoja msikitini haikuwezekana. Aliyetaka kumfuturisha jirani alilazimika kupika mapema, kupeleka sahani kabla ya jua kutua, na kurejea kwake upesi. Zaka ya fitri, ambayo huwafikia mafukara kabla ya sala ya Idi, haikuahirishwa na ugonjwa, kwa sababu sheria yake haihitaji mkusanyiko. Yahitaji mtoaji na mpokeaji. Waumini Wakristo nao, makanisa yao yakiwa yamefungwa, walikuwa na wajibu wao wa kuwatazama wajane na wagonjwa. Ibada za pamoja zilisimama, lakini sadaka haikusimama.

Nguzo ya nne ni mila, na hapa Isiolo ina hazina ambayo vitabu vyetu vya fasihi simulizi havijaichimba vya kutosha. Waborana wana desturi iitwayo busa gonofa. Mtu akipoteza mifugo kwa ukame, maradhi au uvamizi, ukoo hukutana na kumchangia wanyama ili asimame tena. Haitwi ombaomba wala hatoi shukrani za kujidhalilisha, kwa kuwa anachopewa ni haki yake kama mwana wa ukoo, na kesho atadaiwa kumchangia mwingine.

Aidha, Waborana wa Waso, yaani wa bonde la Ewaso Nyiro, wanakumbuka kipindi wanachokiita Gaafa Dhaabaa, maana yake wakati wa kusimamishwa. Ni miaka ya vita vya Shifta katika muongo wa 1960, ambapo serikali iliwakusanya wafugaji katika kambi na kuwazuia kuhamahama, na mifugo wao wakafa kwa wingi. Kumbe basi, serikali ilipoamuru mwaka wa 2020 watu wasitoke, katika Isiolo amri hiyo iliwafikia watu waliokuwa na neno lake na makovu yake. Kusimamishwa si jambo jipya kwao. Walijua kutokana na historia kwamba anayesimamishwa bila kulishwa hufa, na kwamba anayemlisha kwa kawaida si yule aliyemsimamisha.

Neno lililopotosha

Sasa na tuje katika uwanja wetu wa lugha. Ugonjwa ulipoingia, Kiswahili kilitakiwa kuzungumza kwa haraka, nacho kilizungumza. Tanzania ilipata neno UVIKO-19, yaani ugonjwa wa virusi vya korona wa mwaka 2019. Neno barakoa likaenea, huku wengi nchini Kenya wakishikilia maski. Vitakasa mikono vikapata jina. Wale wanaodai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba sayansi walipata jibu lao katika kipindi kifupi.

Hata hivyo, kuvipa vitu majina ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwaambia watu namna ya kutenda, na hapo tulikopa muundo wa Kiingereza bila kuupima. “Umbali wa kijamii” ni tafsiri ya neno kwa neno. Wataalamu wa afya walioitumia istilahi hiyo kwa Kiingereza walikusudia nafasi baina ya mwili na mwili. Lakini katika Kiswahili, jambo la kijamii ni jambo la mahusiano, si la vipimo vya hatua. Mzee wa Kiwanjani anayeambiwa aweke umbali wa kijamii anaambiwa, kwa maana ya maneno yenyewe, ajitenge na watu wake. Na katika mila zetu kumtenga mtu ni adhabu: mchawi hutengwa, mwizi hutengwa, mvunja miiko hususiwa. Agizo la afya likavaa nguo ya adhabu.

Maneno mengine yaliyofuatana nalo hayakuwa na sura njema zaidi. Kafyu lilikuwa neno la askari. Karantini, ambayo kusudi lake ni uangalizi, mwanzoni ilimaanisha kupelekwa mahali palipoteuliwa na kulipia malazi yako mwenyewe, hadi Mei 2020 serikali ilipotangaza kwamba itagharamia. Si ajabu kwamba katika masikio ya wengi neno hilo lilifanana na jela yenye deni. Iwapo msamiati wote wa kinga ni msamiati wa kukamatwa na kutengwa, mtu mwenye homa atajificha, na jirani aliyetaka kumpelekea uji ataogopa kuonekana.

Shirika la Afya Duniani lilitambua hitilafu hiyo mapema. Machi 2020 wataalamu wake walianza kupendelea usemi wa umbali wa kimwili, wakieleza kwamba watu wanapaswa kuachana kwa miili huku wakiendelea kuwasiliana. Marekebisho hayo hayakuenea vya kutosha katika Kiswahili cha mabango na redio. Ilhali lugha yetu ilikuwa na maneno mepesi yaliyozoeleka: tusikaribiane, tusisongamane, tuachiane nafasi. “Tuachiane nafasi” lina uzuri wa ziada, kwa kuwa kiambishi -an- chenyewe ni cha kutendeana. Ninakuachia nafasi nawe unaniachia; hatujavunja ujirani, tunautekeleza.

Msomaji asidhani kwamba haya ni malumbano ya wanaisimu wasio na kazi. Afrika Magharibi, wakati wa Ebola, wataalamu waliozungumzia mazishi salama tu walikumbana na familia zilizoficha maiti. Mwaka wa 2014 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulitaja mazishi salama na yenye heshima, ukawapa jamaa na viongozi wa dini nafasi katika taratibu hizo. Vivyo hivyo, mashariki mwa Kongo, katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 uliowaua zaidi ya watu 2,200, uchunguzi wa lugha uliofanywa mjini Goma mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba ujumbe wa Kifaransa na wa Kiswahili sanifu haukueleweka vyema kwa wazungumzaji wa Kiswahili cha huko. Kwa hiyo hata Kiswahili chaweza kuwa fimbo ya mbali, kikisemwa bila kumwangalia anayesikiliza.

Undugu una gharama

Huenda msomaji akapinga: je, si ujirani huohuo ulioeneza ugonjwa? Si katika matanga, harusi na majumba yaliyojaa watu ambamo virusi vilipata njia? Pingamizi hili lina uzito na halipaswi kupuuzwa. Kukaribiana kwa miili kuliua watu. Lakini jawabu lake limo katika sahani ya futari niliyoitaja. Mtu anaweza kuiweka kizingitini, akabisha hodi, akarudi nyuma hatua tatu, akasalimu na kuondoka. Mwili umekaa mbali, mkono umefika. Ujumbe wa afya uliofaa ungeanza na sahani hiyo na kumfundisha mtu namna ya kuipeleka kwa usalama. Kumwambia asiipeleke ni kumfanya achague kati ya afya na utu, na wengi wetu tunajua angechagua nini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo hutoka upande mwingine. Ikiwa mtaa waweza kujisaidia, serikali ina haja gani ya kuhangaika? Hatari ya kusifu ujirani ni kwamba sifa huweza kugeuzwa kuwa kisingizio. Tuseme wazi: undugu una gharama, na gharama hiyo ina mlipaji. Daftari la duka likijaa madeni yasiyolipika, mwenye duka hawezi kununua shehena mpya, na duka likifungwa mtaa mzima hulala njaa. Chama husimama ikiwa wote wamekosa cha kuchanga. Hata busa gonofa ilibuniwa kwa ajili ya msiba wa mtu mmoja ilhali wengine wangali na mifugo. Ukame ukiwapiga wote kwa pamoja, nani atamchangia nani? Janga ni aina hiyo ya msiba. Halichagui nyumba moja likaziacha kumi za jirani.

Isitoshe, ujirani una milango. Anayesaidiwa na ukoo ni mwana wa ukoo. Anayesaidiwa na chama ni mwanachama. Mpangaji mgeni, kibarua asiye na jamaa mjini, au mtu wa kabila lisilo na wengi mtaani huweza kubaki nje ya kila mlango. Isiolo haikosi kumbukumbu za uchungu katika jambo hili, yakiwemo mapigano ya kikabila ya mwaka wa 2011 na 2012. Na mzigo wa kubisha milango hiyo, kupika, kuchota maji na kumwangalia mgonjwa huwaangukia wanawake zaidi kuliko wanaume, tena bila malipo wala shukrani.

Kwa sababu hizo, ninachokitetea si kumwachia jirani kila kitu. Ninatetea fimbo ya mbali iletwe karibu na kukabidhiwa aliye karibu. Kuondolewa kwa ada ya M-Pesa kulikuwa mfano mmoja. Mfano mwingine ulikuja Septemba 2023, Kenya ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao waliahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa imefanywa na majirani wa kujitolea. Posho hiyo ni ndogo, lakini inakiri kwamba anayezunguka nyumba kwa nyumba anafanya kazi.

Wajibu wa wanakiswahili

Wasomi wenzangu, Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba dharura ya kimataifa ya korona imekwisha, lakini milipuko haikwisha. Julai 2024 Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa homa ya nyani, na maneno mapya yakahitajika tena kwa haraka. Tusingoje mlipuko mwingine ndipo tuanze kutafsiri mabango usiku.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vina uwezo wa kufanya mambo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, wanachama watokao maeneo kama Isiolo wakusanye msamiati wa kusaidiana uliomo katika lugha za kwao, kama vile busa gonofa na ayuuto, pamoja na masimulizi ya wazee kuhusu Gaafa Dhaabaa, na kuueleza kwa Kiswahili kabla ya wenyewe kuondoka. Pili, istilahi za afya zijaribiwe kwa wasikilizaji wa mitaani kabla ya kuchapishwa. Muuza maziwa akisikia agizo na kulieleza kwa maneno yake, tutajua limefika au limepotea. Tatu, wahadhiri wanaofundisha tafsiri waifanye “umbali wa kijamii” kuwa zoezi la darasani, ili mfasiri wa kesho ajue kwamba neno lisilopimwa huweza kumfungia jirani mlango.

Katika shule zetu tumezoea kuufunza utu kama maudhui ya riwaya na tamthilia. Kiwanjani inatukumbusha kwamba utu una vyombo: daftari, sahani, simu, mbuzi wa kuchangwa. Vyombo hivyo huchakaa visipotunzwa, na huvunjika vikibebeshwa zaidi ya uwezo wake. Kazi ya serikali ni kuvijaza. Kazi yetu sisi tuliopewa lugha kuwa taaluma ni kuhakikisha kwamba, siku amri itakapotoka tena ya kuwataka watu waachiane nafasi, haitasikika kama amri ya kuachana.